Soketi Nzuri ni Ile Inayofunguka

Fundi umeme wa magari ana kazi za aina mbili. Ipo ambayo mteja huiona kwa macho yake: stata iliyogoma inazunguka, taa zinawaka, honi inalia. Na ipo ambayo mteja haioni wala hajui kuwa ilifanyika, nayo ni kuirudisha soketi iliyovunjika katika hali ya kufungika na kufunguka. Ya kwanza hushangiliwa papo hapo. Ya pili hula muda, hulipwa kidogo, na aghalabu mwenye gari huiona ni usumbufu tu. Hata hivyo, ukitaka kumjua fundi, itazame hiyo ya pili.

Soketi ninayoizungumzia ni ile inayokutanisha nyaya na kifaa, au nyaya na nyaya, mle chini ya boneti. Kwa nje ni kipande cha plastiki, mara nyingi hakizidi ukubwa wa kidole gumba. Ndani mna vyumba vyembamba, na katika kila chumba imekaa terminali moja ya shaba iliyopakwa bati. Kilimi kidogo huizuia terminali isirudi nyuma. Kipande cha mpira huziba njia ili maji yasipenye kwa kufuata waya. Juu kuna kufuli, pale unapobonyeza kwa kidole ili soketi itoke. Vyote hivyo vimewekwa kwa sababu moja: kifaa kiweze kuondolewa bila kukata waya, kisha kirudishwe na kishike vilevile kilivyoshika kiwandani.

Gari likishafikisha miaka 25 au 30, mpango huo huanza kulegea. Corolla za miaka ya 1990 zilizotoka Japani, zile ambazo mtaani huitwa 110, bado zinapiga kazi, na soketi zake nyingi ni zilezile zilizotoka nazo kiwandani. Maji ya injini peke yake huzunguka yakiwa na joto la nyuzi 80 hadi 90, na vyuma vya ekzosi vilivyo jirani huwa na moto mkali zaidi. Joto hilo huikausha plastiki mwaka hadi mwaka. Iliyokuwa ikipinda na kurudi, sasa huvunjika ikiguswa, na cha kwanza kwenda ni kufuli. Baada ya hapo soketi inakaa kwa hisani ya msuguano tu, huku injini ikiitikisa kutwa.

Mwambao una adui wake mwingine. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, hewa yenyewe ina chumvi. Unyevu ukishapenya kwenye mpira uliokakamaa, shaba huanza kuota kutu ya kijani. Kutu hiyo haibaki kwenye terminali; hutambaa ndani ya ganda la waya, ambako jicho halifiki. Ongeza wale wanaoosha injini kwa maji ya presha, ongeza na mkono wa binadamu mwenye haraka. Kijana anayejifunza ufundi huonywa mapema: ukitoa soketi, shika soketi, usivute waya. Soketi nyingi zilizokufa zilimalizwa na mtu aliyevuta waya.

Chukua mfano mmoja, sensa ya joto la maji katika injini ya 5A, iliyofungwa kwenye baadhi ya Corolla hizo. Ina nyaya mbili tu, na soketi yake ni ndogo mno kwa kazi kubwa inayofanya. Sensa hiyo hubadilisha ukinzani wake kadiri joto linavyopanda. Injini ikiwa na nyuzi 20, hupima omu 2,000 hadi 3,000. Ikifika nyuzi 80, hushuka hadi kati ya omu 200 na 400. Kompyuta ya gari huusoma ukinzani huo na kuamua imwage petroli kiasi gani: injini ya baridi inahitaji nyingi, ya moto inahitaji kidogo.

Sasa weka kutu katikati. Tuseme terminali iliyochoka imeongeza omu 2,000 za bure kwenye njia hiyo. Injini imechemka, sensa inasema ukweli wake wa omu 300, lakini kinachoifikia kompyuta ni omu 2,300. Kwa hesabu ya kompyuta, injini iliyo kwenye foleni ya Ubungo saa nane mchana imeamka sasa hivi kwenye baridi ya Lushoto. Inamwagiwa petroli ya asubuhi. Gari linatoa moshi mweusi, linakunywa mafuta, plagi zinapakaa masizi, na kuliwasha likiwa la moto inakuwa shughuli.

Hapo ndipo fedha za mwenye gari huanza kwenda mahali pasipo tatizo. Plagi mpya zinanunuliwa. Pampu ya mafuta inashukiwa. Nozeli zinasafishwa. Mtu akibahatika kuitaja sensa, inanunuliwa sensa mpya na kuchomekwa kwenye soketi ileile mbovu, na moshi unaendelea.

Fundi anayejua kazi huanza kwa kuiuliza kompyuta yenyewe. Toyota za kipindi hicho zina kisanduku kidogo cha vipimo chini ya boneti. Unaunganisha matundu mawili, TE1 na E1, kwa kipande cha waya, kisha unafungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini kwenye dashibodi inaanza kukonyeza. Ikikonyeza mfululizo kwa mwendo mmoja, kompyuta haina la kulalamikia. Ikikonyeza mara mbili, ikapumzika, ikakonyeza tena mara mbili, hiyo ni namba 22: njia ya sensa ya joto la maji ina kasoro. Kipimo hicho hakihitaji mashine ya gharama.

Lakini fundi mzuri haridhiki na jibu hilo, kwa sababu anajua mipaka yake. Waya uliokatika kabisa hujisema: kompyuta huona njia imekatika, huandika 22, na hujikisia joto la nyuzi 80 ili gari liweze kufika nyumbani. Waya ulioshika nusu hausemi kitu. Omu 2,300 ni kipimo halali, kinachowezekana kabisa asubuhi ya baridi, kwa hiyo kompyuta hukipokea na kukitii. Taa inakaa kimya na moshi unatoka. Hii ndiyo sababu kasoro ndogo ya soketi humsumbua mtu kuliko kukatika kwa waya wenyewe.

Kwa hiyo mita inatoka mfukoni. Kwanza anaipima sensa peke yake, injini ikiwa ya moto. Kisha anairudishia soketi, anaenda upande wa pili kwenye plagi ya kompyuta na kupima njia yote kutoka huko. Vipimo viwili vikilingana, kosa liko kwingine. Vikitofautiana, ile tofauti ndiyo soketi na nyaya zake. Halafu anafanya jambo ambalo mtu asiyejua huliona mchezo: anaushika waya kwa vidole viwili na kuutikisa taratibu, sentimita chache kwa wakati, macho yakiwa kwenye mita. Namba ikiruka, amefika.

Ukiwatazama wanaofanya hivi pale Gerezani, kando ya Kariakoo, unaona kuwa sehemu kubwa ya kazi ni kutogusa kitu kabla ya wakati wake. Kelele za mtaa, mteja anayeuliza "vipi fundi, bado?", wauza spea wanaopita na bidhaa mkononi; yeye ameinama, bado anatikisa waya.

Tatizo likishaonekana, kuna njia fupi, na kila mwenye gari la zamani ameshaisikia ikitajwa: tupige direkti. Soketi inakatwa na kutupwa, nyaya zinamenywa, zinasokotwa kwenye pini za sensa, tepu inazungushwa, basi. Gari linawaka na moshi unapungua. Mteja anaondoka akishukuru, na kwa siku ile ana haki ya kushukuru.

Hesabu inakuja baadaye. Sensa ikifa, haitoki bila kukatwa. Injini ikishushwa, nyaya zinakatwa tena. Kila mkato unakula sentimita mbili tatu, na wayaringi ya gari haina akiba ya kuchezea. Baada ya mafundi watatu wanne, waya haufiki tena kwenye kifaa, na unaungiwa kipande cha rangi nyingine. Toyota huzitambulisha nyaya zake kwa rangi ya ganda na mstari wake: mweupe wenye mstari mweusi kwa kawaida ni wa bodi, wenye mistari mingine una kazi nyingine, na vitabu vya gari huandika hivyo. Mtu akishaungia waya mwekundu wa redio katikati ya njia ya sensa, ramani hiyo imechanwa. Fundi wa kesho ataanza upya kwa kukisia.

Wapo pia wanaoona mmoja wa nyaya mbili za sensa ni wa kurudishia umeme, wakaufunga kwenye bodi ili kupunguza kazi. Waya huo, ambao mara nyingi huwa wa kahawia, haurudi bodini. Unarudi kwenye kompyuta, na sensa nyingine nazo hurudi kwa njia hiyohiyo, ili vipimo vyao vidogo visichanganywe na misukosuko ya feni, stata na altaneta. Kuufunga bodini ni kuziharibia sensa kadhaa kwa kosa moja.

Njia ndefu huanza kwa kutafuta soketi. Si lazima iwe mpya. Magari yanayokatwakatwa kwa ajili ya spea huacha marundo ya wayaringi, na kwa kuwa Toyota ilitumia soketi zinazofanana kwenye aina nyingi za magari yake, ya Corolla inaweza kupatikana kwenye nyaya za Carina au Mark II. Fundi hainunui kwa kuitazama rangi tu. Anachungulia mdomoni kuona mifereji na matuta yanayozuia soketi kuingia kichwa chini. Anabonyeza kufuli aone kama bado linarudi. Anaangalia mpira kama una uhai. Anamulika ndani aone kama terminali ina rangi ya kijivu safi ya bati au imeungua. Kisha anamwambia muuzaji akate na mkia, yaani nyaya zenye urefu wa shubiri moja hivi, kwa sababu mkia mfupi utamlazimisha kuunga jirani kabisa na soketi, mahali penye kujipinda kuliko pote.

Kuna wakati plastiki ni nzima na aliyekufa ni terminali peke yake. Hapo kazi inageuka kuwa ya vidole. Terminali haitoki kwa kuvutwa, kilimi kinaishika. Inabidi uingize chuma chembamba kwa mbele, ukisogeze kilimi kwa upana wa unywele, na papo hapo uurudishe waya nyuma kwa mkono wa pili. Zipo zana za kiwandani za kazi hiyo, ila wengi hujitengenezea, kwa sindano nene au njiti ya mwavuli iliyosagwa ncha ikawa bapa. Ukitumia nguvu, kilimi kinakatika na chumba hicho hakitashika terminali tena. Jambo la kuvutia ni kwamba fundi hakioni anachokifanya. Anasikia kwa ncha ya chuma kama kilimi kimeachia au bado.

Kisha waya unamenywa, na hapa uvumilivu unapimwa. Shaba nzuri inang'aa kwa wekundu wake. Ikitokea nyeusi au ya kijani, fundi anakata nyuma kidogo na kumenya tena, na tena, mpaka afikie iliyo safi. Kuunga shaba nyeusi ni kuuhifadhi ugonjwa ndani ya tepu mpya. Ile sehemu iliyopotea itafidiwa na mkia mrefu wa soketi iliyonunuliwa. Na waya wa kufidia ni wa gari, wenye nyuzi nyingi nyembamba. Waya wa nyumbani wenye msumari mmoja wa shaba ndani hauvumilii mtetemo. Utapinda, utachoka, utakatika ndani ya ganda bila kuonekana.

Kuunga kwenyewe kuna shule mbili. Ya kwanza ni kuminya. Terminali ya kiwandani ina jozi mbili za mabawa nyuma yake: ya kwanza hukumbatia shaba, ya pili hukumbatia ganda la waya. Koleo sahihi huyakunja mabawa kwa nguvu hadi nyuzi za shaba zinabanana na terminali bila kuacha nafasi ya hewa kupenya. Penye hewa kuna kutu. Pasipo hewa, kiungo hukaa miaka. Mabawa ya ganda nayo hubeba mvuto na mtetemo ili shaba isibebe kitu. Ndiyo maana viwanda vya magari huminya.

Ya pili ni risasi. Fundi asiye na terminali mpya wala koleo lake huunga mkia kwa mkia, na hakuna aibu katika hilo ikiwa anajua anachofanya. Ncha mbili hupishanishwa, kila moja ikazungushwa kwa kubana juu ya mwenzake, mtindo ambao mafundi wa telegrafu wa Marekani waliutumia katika karne ya 19 na hadi leo una jina la kampuni ya Western Union. Kiungo kinapaswa kushika kwa msokoto wake kwanza. Risasi inakuja kukifunga. Risasi ya kuchomea, mchanganyiko wa bati na madini ya risasi, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183. Anayejua haiyeyushi juu ya chuma cha moto na kuidondosha kwenye waya. Anaupasha waya, kisha anaigusisha risasi kwenye waya huo hadi inyonywe yenyewe katikati ya nyuzi. Dawa anayotumia ili risasi ishike ni ile ya utomvu wa msonobari. Asidi ya mafundi bati haifai hapa, kwa sababu mabaki yake huendelea kuila shaba gari likiwa barabarani.

Risasi ina ila moja. Inapoishia ndani ya waya, ugumu hukutana na ulaini, na hapo ndipo mtetemo hukata. Kwa hiyo kiungo hupewa mgongo wa kuegemea: hufungwa pamoja na nyaya jirani zisizounganishwa, mbali na mahali pa kupinda. Na viungo viwili haviwekwi bega kwa bega. Kimoja hukaa mbele, kingine nyuma, ili hata ganda likichubuka visigusane, na fungu la nyaya lisivimbe sehemu moja.

Juu yake unakuja mpira wa kusinyaa, ule mrija unaobana ukipashwa moto. Lazima uvishwe kwenye waya kabla ya kuunga, na ukimwona fundi anauvisha kwanza na kuusogeza mbali ili joto la risasi lisiuguse mapema, ujue kazi yote ameshaipiga akilini kabla ya kushika chuma.

Hajamaliza. Anachukua pini ya kiume inayolingana na kuichomeka kwenye terminali ya kike, peke yake, nje ya sensa, aone inavyoshika. Ikiteleza bila kukataa, terminali imepanuka, na usafi wote huo ni bure. Anaikaza kwa kuibana kidogo mno, anajaribu tena. Ndipo anaisukuma chumbani hadi isikike "tak", kisha anauvuta waya polepole kuhakikisha kilimi kimekamata. Soketi inaingia kwenye sensa na kufuli nalo linalia. Waya unaachwa na ulegevu kiasi, kwa kuwa injini hucheza kwenye mpira wake kila gari linapoondoka.

Mwisho anachomoa fyuzi ya EFI, yaani ya mfumo wa petroli, kwa muda mfupi ili kompyuta isahau malalamiko ya zamani, anairudisha, analiacha gari lipate moto, na kupima kutoka upande wa kompyuta kama alivyopima mwanzo. Kipimo cha sensa na kipimo cha kompyuta vinapaswa kusema kitu kimoja.

Mtu anaweza kuuliza kama jitihada hii yote inastahili soketi ya nyaya mbili. Aangalie basi upande wa nyaya zinazobeba mzigo. Balbu ya taa kubwa ya wati 55 ikiungwa kwa terminali iliyolegea yenye nusu omu tu, hupoteza karibu volti 2 kati ya 12, na pale palipolegea panazaliwa joto la wati 7 hivi, ndani ya plastiki isiyo na pa kulitolea. Taa inafifia, soketi inageuka kahawia, kisha inayeyuka. Wengi hubadilisha balbu. Kanuni ni ileile kwenye sensa na kwenye taa: mahali ambapo nyaya hukutana ndipo gari la zamani huugulia.

Vyuo vya ufundi vya VETA hufundisha umeme wa magari, na wengi wengine hujifunza kwa kukaa na fundi gereji hadi mkono ukubali. Njia zote mbili zinaweza kumfundisha mtu kusoma mita. Kinachobaki ni uamuzi wa kumfikiria mtu asiyekuwepo: fundi mwingine, mji mwingine pengine, atakayefungua boneti hiyo miaka ijayo na kuhitaji kuitoa sensa bila mkasi. Anayepiga direkti amemaliza tatizo la leo kwa kumkopa mtu wa kesho. Anayerudisha soketi ameliacha gari likiwa linatengenezeka.

Nasi wenye magari tuna sehemu yetu. Fundi hupiga direkti kwa sababu tunamsimamia kichwani tukitazama saa, na kwa sababu tukiambiwa bei ya soketi yenye mkia na nusu siku ya kazi tunaguna. Ukisikia tena "tupige direkti, bosi", mjibu: "Hapana, fundi, nitafutie soketi yake, nitasubiri." Kisha atakapomaliza, mlipe soketi, na umlipe na muda wake.